Kunyamazisha jeni za kovu la ini: shajara ya mradi wa laptopu, Malindi

Kabla ya yote: kazi hii ni ya kompyuta. Hakuna panya aliyedungwa, hakuna mgonjwa aliyepewa kitu, na asiyetaka kusikia hilo asipoteze bando lake kusoma. Tunachotengeneza ni orodha ya vipande vifupi vya RNA, yaani siRNA, vinavyoweza kwa nadharia kuzima jeni zinazohusika na kovu la ini, pamoja na sababu ya kila kimoja kubaki au kutupwa. Tunaandika ili kikundi kingine chenye laptopu moja kiweze kuirudia kazi bila kulipia tena yale tuliyokwisha kuyalipia.

Tuko watatu. Mimi ni wa maabara, kutwa napima damu za watu. Mwalimu anafundisha kemia na baiolojia sekondari. Wa tatu ni mpwa wake, yuko chuo Kilifi, na ndiye anayejua kuandika programu kwa lugha ya Python. Tunakutana kwa Mwalimu, Barani, jioni jua likishapoa.

18 Januari 2025: Jeni ipi?

Ini likiumizwa kwa muda mrefu, iwe ni kwa virusi vya hepataitisi B au C, kwa pombe, au kwa mafuta yaliyojazana ndani yake, seli za stelate huamka. Kwa kawaida ni seli tulivu, zimejibana kwenye upenyo kati ya vimishipa vya damu na seli kuu za ini, zimehifadhi vitamini A. Zikiamka huacha kuhifadhi, zikaanza kumwaga kolajeni. Kolajeni ikirundikana ndiyo kovu. Madaktari hulipanga kuanzia F0 hadi F4, na F4 ndiyo sirosisi.

siRNA nayo ni nyuzi mbili zilizoshikana, kila uzi herufi 21 hivi (herufi za RNA ni nne: A, U, G na C). Ikiingia ndani ya seli, uzi mmoja hutupwa. Wa pili, tunaouita uzi elekezi, hushikwa na protini ya Ago2, na hiyo huutumia kuisaka mRNA (nakala ya jeni ambayo seli huisoma kutengeneza protini) yenye herufi zinazolingana nao na kuikata. mRNA ikikatwa, protini yake haitengenezwi. Andrew Fire na Craig Mello walichapisha ugunduzi wa msingi mwaka 1998 wakifanya kazi na minyoo, wakapata Nobel mwaka 2006. Kwamba vipande vya herufi 21 vinafanya kazi hata kwenye seli za mamalia kulionyeshwa mwaka 2001.

Tulianza na majina matatu: TGFB1, COL1A1 na SERPINH1. Mwalimu aliipigania TGFB1 kwa sababu protini yake ndiyo inayoziamrisha seli za stelate. Hoja ni nzuri, ila protini hiyo hiyo ndiyo inayoutuliza mfumo wa kinga mwili mzima. Panya waliozaliwa bila jeni hiyo hufa kwa uvimbe wa viungo vingi wiki chache tu baada ya kuzaliwa. Tukaifuta siku ile ile. COL1A1, jeni ya kolajeni yenyewe, ikawa ya kwanza kwenye foleni.

Gharama hadi hapa: chai na mahamri, juu ya Mwalimu.

2 Februari: COL1A1 imegoma

Tulichukua mfuatano wa mRNA yake kutoka hifadhi ya umma (namba NM_000088) na kuupitisha kwenye siDirect, programu ya bure ya mtandaoni inayochagua maeneo yanayofaa. Masharti yake makuu ni haya: mwanzo wa uzi elekezi uwe A au U, mwanzo wa uzi mwenzake uwe G au C, herufi saba za mwanzo za uzi elekezi ziwe na A na U za kutosha, na kusiwe na mlolongo mrefu wa G na C mfululizo. Kusudi ni upande mmoja wa siRNA uwe rahisi kufunguka, ili Ago2 iuchukue uzi tunaoutaka sisi na si mwenzake.

Sehemu inayotengeneza protini ilitupa mavuno haba. Mwalimu ndiye aliyeeleza, kwa chaki, kwenye ule ubao wake mdogo uliomegeka pembe. Kolajeni ni protini ya kurudiarudia: kila asidi amino (kijenzi cha protini) ya tatu ni glaisini, na katikati imejaa prolini. Kwenye mRNA glaisini huandikwa GGU, GGC, GGA au GGG. Prolini ni CCU, CCC, CCA au CCG. Kwa hiyo glaisini ikifuatwa na prolini, kati ya herufi sita angalau nne ni G au C, upende usipende. Ukirudia hivyo mara mamia, hiyo A na U ya kutosha utaitoa wapi? Na ubaya wa pili: jeni nyingine za kolajeni zina marudio yale yale, kwa hiyo hata kipande kikipita masharti, kinaweza kwenda kupiga jeni ndugu.

Vilivyopita vizuri vilikuwa kwenye mkia, baada ya sehemu ya protini. Tukafurahi kidogo. Kisha mpwa akakumbusha kwamba mRNA ya COL1A1 hutoka kwa urefu wa aina mbili, moja karibu herufi 4,800 na nyingine karibu 5,800, kutegemea mkia unakatwa wapi. siRNA iliyolenga ncha ya mkia mrefu haiuoni kabisa ule mfupi. Utanyamazisha nusu ya kiwanda na nusu itaendelea na zamu.

Tulibakiza vipande vichache vilivyo kwenye mkia wa pamoja, tukavipa alama ya akiba, tukahamia SERPINH1.

Kwa atakayerudia: kabla ya kufungua siDirect, hesabu kwanza asilimia ya G na C ya jeni yako na utafute kama mkia wake una urefu zaidi ya mmoja. Kazi ya dakika tano itakuokolea wikendi.

16 Februari: SERPINH1, na BLAST inayosema kila kitu ni safi

SERPINH1 inatengeneza HSP47, protini inayoisaidia kolajeni kujikunja sawasawa kabla ya kutoka nje ya seli. Bila HSP47, kolajeni hukwama ndani. Uzuri wake ni kwamba ni mtumishi wa kolajeni tu, haina shughuli nyingi nyingine. Ubaya ni kwamba kolajeni haiko kwenye ini peke yake: watoto waliozaliwa na hitilafu kwenye jeni hii huwa na mifupa inayovunjika ovyo. Hilo tuliliandika kwa wino mwekundu, na mwezi Aprili likaturudia.

siDirect ilitoa vipande vya kutosha. Hatua inayofuata ni kuhakikisha kila kipande hakifanani na RNA nyingine ya binadamu. Tulishusha orodha nzima ya RNA za binadamu, tukaweka BLAST, programu ya kutafuta mifuatano inayofanana, ndani ya laptopu ili tusitegemee intaneti, tukapitisha vipande vyote. Majibu: hakuna ufanano wowote, kipande baada ya kipande.

Mpwa alishafungua jedwali aanze kujaza "safi". Lakini hebu tazama: kila kipande kimetolewa kwenye SERPINH1, na SERPINH1 imo ndani ya ile orodha. Angalau kingejipata chenyewe! Jibu la sifuri kamili lilikuwa na maana moja tu, kwamba programu haikutafuta.

Sababu yenyewe ni ya kitoto. BLAST ya kwenye laptopu, usipoiambia vinginevyo, huanza kwa kutafuta herufi 28 mfululizo zinazolingana, ndipo iendelee. Vipande vyetu ni herufi 19. Hakuna siku herufi 19 zitatoa 28. Dawa yake ni kuandika -task blastn-short, ambayo huanzia herufi 7. Tukaandika, majibu yakamiminika, kila kipande kikajipata.

Hata hivyo mpwa hakuridhika, na hapo namsifu. Alichukua kipande kimoja, akabadilisha herufi ya 7 na ya 13 kwa makusudi, akakichomeka kwenye faili la majaribio. BLAST ikakipita bila kukiona. Ukihesabu utaelewa: kabla ya herufi ya 7 kuna sita, kati ya ya 7 na ya 13 kuna tano, baada ya ya 13 kuna sita. Hakuna pahali penye saba mfululizo. Wakati siRNA yenye tofauti mbili tu na RNA nyingine ni hatari ambayo lazima uijue.

Kwa hiyo BLAST tumeiacha kwa kazi hii. Inafaa mambo mengine.

9 Machi: Bowtie, stima na majina yanayojirudia

Ramadhani imeingia, tunakutana baada ya tarawehe. Ubongo hufanya kazi vizuri zaidi usiku, ila stima haijui hilo.

Tumehamia Bowtie, programu nyingine ya kutafuta mifuatano inayofanana, ile ya kwanza na si Bowtie 2, kwa sababu ya kwanza ina chaguo la -v 3: nionyeshe kila pahali penye tofauti zisizozidi tatu, popote zilipo ndani ya kipande. Ukiongeza -a inatoa zote bila kuchagua. Kipande cha mtego cha mpwa kilionekana mara moja.

Mambo mawili yalitukwamisha. La kwanza ni kutengeneza faharasa ya orodha ya RNA kwenye laptopu ya RAM ya GB 4. Stima ilipotea katikati, betri ya laptopu ni ya jina tu, na faharasa iliyokatika katikati haina faida, unaanza mwanzo. Tulinunua kipande cha RAM cha mtumba kwa shilingi 2,800 na tukaazima betri ya sola kutoka kwa jirani wa Mwalimu anayeitumia kwenye kibanda chake cha kunyoa. Ikaisha usiku mmoja.

La pili lilikuwa majibu yenyewe. Jeni moja ya binadamu inaweza kuwa na RNA kumi au zaidi zilizosajiliwa kwa majina tofauti, kwa kuwa vipande vyake huungwa kwa namna mbalimbali. Kila moja ilitokea kama mshtakiwa mpya. Tulikuwa tunatupa vipande vizuri kwa sababu eti vinagusa RNA kumi na mbili, kumbe ni jeni moja, na wakati mwingine ni SERPINH1 yenyewe. Mpwa aliandika programu fupi ya kukusanya majibu kwa jeni badala ya kwa RNA, na kutenganisha pande: uzi elekezi unapoigonga RNA kwa upande usiolingana nao, hilo si tishio. Rundo likapungua hadi kurasa za kusomeka.

Kanuni tunayotumia sasa ni hii. Tofauti sifuri au moja na jeni nyingine: kipande kinatupwa. Tofauti mbili: tunaangalia ziko wapi, Ago2 hukata kati ya herufi ya 10 na ya 11, kwa hiyo tofauti zilizo katikati zinatupunguzia wasiwasi, na zilizo ukingoni haziupunguzi. Tofauti tatu: tunaandika tu.

Kuna tishio lisiloisha, nalo ni herufi ya 2 hadi ya 8 za uzi elekezi. Hizo saba peke yake zikilingana na mkia wa RNA fulani zinaweza kuipunguza hata kama kwingine hakufanani. Mifuatano ya herufi saba inayowezekana ni 16,384 tu, na mikia ya RNA za binadamu ni mingi mno, kwa hiyo kila kipande kitagonga mamia. Kinachowezekana ni kuchagua vipande ambavyo hizo saba hushika kwa ulegevu. SiDirect huweka mpaka kwenye joto la kuachana la nyuzi 21.5 za Selsiasi. Tuliuheshimu. Pia tulitupa chochote chenye UGUGU au GUCCUUCAA, kwa kuwa mifuatano hiyo inajulikana kuamsha kinga ya mwili.

12 Aprili: Itafikaje?

Tumerudi baada ya Idi. Mwalimu alikuja na daftari, akakaa, akaniuliza kabla hata ya salamu kukamilika: "Fundi, tuseme hiki kipande cha kwanza ni kizuri kabisa. Nikidunge mkononi. Kitafika kwenye seli ya stelate?"

Jibu ni hapana, na jibu hilo limeugeuza mradi wote.

siRNA tupu ikiingia kwenye damu hukatwakatwa na vimeng'enya ndani ya dakika chache, na inayosalimika huchujwa na figo. Ndiyo sababu siRNA zilizoidhinishwa kuwa dawa zimerekebishwa kikemia, ama zimefungwa ndani ya chembe ndogo za mafuta, kama patisiran ya mwaka 2018. Njia iliyotamba baadaye ni kuifunga siRNA kwenye sukari iitwayo GalNAc, kwa kawaida tatu kwa pamoja. Seli kuu za ini zina kipokezi cha sukari hiyo kwa wingi mkubwa, zinaivuta ndani pamoja na mzigo wake. Givosiran ya mwaka 2019 na inclisiran, ambayo kwa kawaida hudungwa mara mbili tu kwa mwaka ukishamaliza dozi za mwanzo, zote zinapita mlango huo.

Mlango huo uko kwenye seli kuu za ini. Seli za stelate hazina. Kolajeni na HSP47 tunazotaka kuzima zinatengenezwa na seli za stelate. Tulikuwa tumeandika barua nzuri sana kwa nyumba isiyo na anwani.

Watu waliolivaa tatizo hili wapo. Mwaka 2008 kundi la Sapporo, Japani, lilichapisha kazi ya kubandika vitamini A kwenye vifuko vya mafuta vyenye siRNA, kwa kuwa seli za stelate huipenda vitamini A. Walilenga gp46, ambayo ndiyo HSP47 ya panya wa maabara. Panya waliokuwa wameharibiwa ini kwa sumu, wa kufa, walidungwa mara tano na kovu likayeyuka karibu lote. Mwalimu aliuliza swali la haki: si tumesema seli zikiamka hupoteza vitamini A? Ndiyo, lakini hoja yao ilisimama kwenye kipokezi cha protini inayobeba vitamini A, si kwenye akiba iliyomo.

Wazo hilo liliendelea hadi kwa binadamu kwa jina la BMS-986263. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022 lilihusu watu waliokwisha kupona hepataitisi C lakini wana kovu kubwa. Kovu lilirudi nyuma kwa hatua moja au zaidi kwa watu 6 kati ya 28 waliopata miligramu 90, na kwa watu 2 kati ya 15 waliopata dawa bandia. Mimi nilitarajia zaidi, baada ya kusoma habari za wale panya. Mwalimu, ambaye hana papara, alisema kwanza tutazame hao wawili: virusi vikishaondoka, ini huanza kujisafisha lenyewe, na dawa yoyote inapimwa juu ya hilo. Na tofauti yenyewe, kwa watu wachache hivyo, huwezi kuitegemea.

Hapo ndipo wino mwekundu wa Februari uliporudi. Kifuko cha vitamini A kikikosea njia, HSP47 ya mifupa na ngozi nayo iko hatarini. Kwa GalNAc hatari hiyo ni ndogo sana.

Uamuzi wa usiku huo: orodha ya SERPINH1 imefungwa kama ilivyo, inafaa kwa mwenye njia ya kuzifikia seli za stelate. Sisi tunaanza upya kutoka upande wa pili. Badala ya kuuliza jeni ipi inatengeneza kovu, tunauliza jeni ipi ndani ya seli kuu za ini, mahali panapofikika, inayochochea kovu kutoka mbali.

10 Mei: HSD17B13 na jirani yake

Mifano miwili ilitushawishi kwamba swali hilo jipya si la kujifariji. Wa kwanza ni fazirsiran. Kuna watu wanaozaliwa na hitilafu kwenye protini ya alfa-1 antitripsini. Protini iliyopinda inajazana ndani ya seli kuu za ini na kuziumiza hadi kovu. Fazirsiran, siRNA ya njia ya GalNAc, inazima jeni hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kovu kurudi nyuma kwa wagonjwa 7 kati ya 15. Hakuna aliyeigusa kolajeni. Kilichoondolewa ni kile kilichokuwa kinaliumiza ini. Jaribio halikuwa na watu wengi na halikuwa la kukata shauri, lakini mwelekeo unaeleweka.

Wa pili ni HSD17B13. Mwaka 2018 ilionekana kwamba watu wenye badiliko fulani, rs72613567, linaloiharibu protini hiyo, hupata ugonjwa sugu wa ini kwa uchache zaidi. Jeni iko kwenye seli kuu za ini. Mtu aliyezaliwa nayo ikiwa imeharibika anaishi salama. Kwa anayetafuta jeni ya kuzima, sifa gani tena unataka? Kampuni zaidi ya moja zimeshaingia kwenye majaribio ya siRNA dhidi yake. Hatudai kuvumbua chochote. Tunajifunza kwa kupita njia yao.

Mfuatano (NM_178135) uliingia siDirect, Bowtie, programu ya mpwa, yote bila matata. Kilicholeta matata ni HSD17B11. Ni jeni ndugu, imekaa ubavuni mwake kwenye kromosomu ya 4, na zinafanana kiasi kwamba vipande kadhaa vilivyoonekana vizuri vilikuwa na tofauti mbili tu nayo, tena ukingoni. Tulivitupa. Vilivyobaki tulivipitisha kwenye programu ya RNAplfold kuona kama eneo lake kila kimoja kwenye mRNA liko wazi au limejikunja likajificha. Mipangilio ya kawaida ya kazi hii ni dirisha la 80, umbali wa juu wa 40 na eneo wazi la herufi 16. Viwili vikaanguka hapo.

Tulitaka pia vipande vinavyofaa binadamu na panya kwa pamoja ili atakayekuja kujaribu asihitaji siRNA mbili. Tumeliacha. Panya walioondolewa jeni hii hawakupata kinga wanayoipata binadamu, kwa hiyo panya hatakuambia lolote la maana hapa. Tukalinganisha na tumbili badala yake.

Kisha tofauti za watu. Ikiwa herufi moja ndani ya eneo lako hubadilika kutoka mtu hadi mtu, siRNA yako itafanya kazi kwa huyu na kulegea kwa yule. Mradi wa 1000 Genomes, uliosoma DNA za watu wa sehemu nyingi za dunia, una Waluhya wa Webuye, wanaandikwa LWK, na ndio Wakenya pekee mle. Tuliwatumia. Kipande kimoja tulichokuwa tumekipenda kilikuwa kimekalia herufi inayobadilika, kikatoka. Mgiriama, Mbajuni au Mswahili wa Shela hayumo kwenye data ile, na hatuwezi kumtengeneza. Kwenye jedwali tumeweka safu inayosema wazi: imepimwa kwa LWK, Pwani haijapimwa.

7 Juni: Mgeni, na kidonge

Habari zimevuka ua. Mzee mmoja wa mtaani alikuja kwa Mwalimu amebeba karatasi za hospitali za kijana wake, hepataitisi B. "Mwanangu, nimesikia mnatengeneza dawa ya ini." Nilimkalisha, nikamwambia hatutengenezi, kisha nikamwambia yaliyopo: kliniki, kupimwa kiwango cha virusi, familia nzima ipimwe na wasio navyo wachanjwe, na tenofovir, kidonge cha kukizuia kirusi, akionekana anaihitaji.

Jioni tulibandika takwimu hii juu ya meza yetu. Watu wenye hepataitisi B waliotumia tenofovir miaka mitano walichunguzwa ini kabla na baada, 348 kwa jumla. Kovu lilirudi nyuma kwa 51% ya watu hao. Kati ya 96 walioanza na sirosisi, 71 hawakuwa nayo tena. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Ni kidonge, na siRNA yoyote ya kovu itabidi ifanye zaidi ya hapo au imsaidie yule ambaye kidonge hakimtoshi.

Mpwa aliuliza kwa nini basi tusikilenge kirusi chenyewe. Swali zuri kuliko alivyodhani. RNA zote za kirusi cha hepataitisi B humalizikia mahali pamoja, kwa hiyo siRNA moja iliyolenga eneo la jeni iitwayo X, karibu na mwisho, inazigusa zote. Na kirusi kinaishi kwenye seli kuu za ini, nyumba yenye anwani. Lakini kuna mtego: baadhi ya DNA ya kirusi hujipachika ndani ya kromosomu za mgonjwa, na ikijipachika mara nyingi hupoteza kipande hicho cha mwisho. Majaribio ya ARC-520, siRNA iliyolenga hepataitisi B, kwa sokwe yalionyesha hivyo mwaka 2017: siRNA ilikuwa nzima, ila protini iliyobaki ilitoka kwenye DNA isiyo na shabaha. Suluhisho ni siRNA ya pili inayolenga eneo la juu zaidi, la jeni iitwayo S.

28 Juni: Gharama na hali ya faili

Bando la kushusha data: shilingi 3,500, pamoja na kushusha upya faili lililokatika. RAM ya mtumba: 2,800. Kuchapa majedwali kwenye saiba ya barabara ya Lamu: 640, tungeweza kuokoa nusu kama tungekusanya RNA kwa jeni kabla ya kuchapa. Betri ya sola tuliilipa kwa kumtengenezea mwenyewe simu. Programu zote ni za bure.

Tuliuliza bei ya kutengenezewa siRNA moja isiyorekebishwa, kwa ajili tu ya kujua. Ni mamia ya dola kabla ya usafiri, na ukitaka yenye GalNAc unapelekwa kwa mtu mwingine anayetaka kujua wewe ni taasisi gani. Hatukuagiza, na hata ingefika, hatuna seli za kuijaribia wala pa kuzikuzia.

Faili zilizopo: orodha ya SERPINH1 iliyofungwa, orodha ya HSD17B13 iliyopita ukaguzi wote isipokuwa wa Pwani, akiba ya COL1A1, programu ya mpwa, na faili la mitego lenye vipande vilivyobadilishwa makusudi. Hilo la mwisho pitisha kabla ya kitu kingine chochote. Mashine yako isipoviona, simama hapo hapo urekebishe mipangilio.

Tunaloanza Julai ni hepataitisi B. Mifuatano ya aina A ya kirusi hicho (si hepataitisi A), ambayo ndiyo imeenea zaidi Kenya, imeshapakuliwa na kupangwa. Mpwa anatafuta maeneo ya X na S yasiyobadilika kati yake, Mwalimu ameahidi ubao mpya.